Tamko Lisivuke Ushahidi: Kusoma Fani katika Kazi za Dorothy Hodgkin

Tarehe 11 Desemba 1964, Dorothy Crowfoot Hodgkin alisimama mjini Stockholm kutoa hotuba ambayo kila mshindi wa Tuzo ya Nobel hutarajiwa kuitoa. Alikuwa ameshinda peke yake tuzo ya kemia ya mwaka huo, mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie mwaka 1911 na bintiye, Irène Joliot-Curie, mwaka 1935. Hotuba za aina hii zina desturi yake. Msemaji huanza na fumbo, husimulia vikwazo, hufika kwenye ufumbuzi, kisha hushukuru na kukaa. Hodgkin aliifuata desturi hiyo kwa sehemu kubwa ya mwendo. Alianza na kitabu cha William Henry Bragg alichokisoma akiwa msichana, kilichomfunulia kwamba kwa miali ya eksirei binadamu anaweza kuzifikia atomu kwa macho. Akaja kwenye penisilini, akapanda hadi vitamini B12. Hapo, msomaji anapongoja hitimisho la ushindi, hotuba inageuka. Msemaji anasema asingependa watu waondoke na dhana kwamba kila umbo hufumbuka kwa eksirei, kwa kuwa yeye mwenyewe ametumia sehemu kubwa zaidi ya maisha yake akishindwa kuyafumbua maumbo kuliko akiyafumbua. Na ili aonyeshe ugumu ulivyo, anaichukua insulini, protini aliyoipiga picha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na ambayo umbo lake siku hiyo lilikuwa bado halijulikani.

Mhakiki anayekutana na tungo iliyoacha kilele chake nyuma na kuishia kwenye kisa kisichokwisha hana budi kuuliza mtunzi alikusudia nini. Jibu la haraka ni unyenyekevu. Lakini unyenyekevu ni tabia ya mtu, nao hautoshi kueleza muundo wa maandishi. Nikizisoma kazi za Hodgkin kwa mfululizo, kuanzia barua fupi ya kisayansi ya mwaka 1934 hadi makala ya insulini ya mwaka 1969, naona kanuni moja ya kifani inayozishikilia zote: tamko lisivuke ushahidi, na msomaji aachiwe njia ya kuufikia ushahidi huo mwenyewe. Kanuni hiyo inaonekana katika mpangilio wa hotuba, katika uchoraji wa ramani, katika orodha za majina ya waandishi, na hata katika miaka ambayo hakutangaza kitu. Maudhui ya kazi zake, yaani dawa na vitamini na homoni, yamesifiwa sana. Fani yake huachwa pembeni, na mimi naiona kuwa nusu ya mafanikio yenyewe.

Ili tuisome fani hiyo, lazima tujue malighafi aliyofanyia kazi. Katika fuwele, molekuli zimepangwa kwa ruwaza ileile kila upande, kwa vipimo visivyobadilika, kama beti za utenzi zinavyoshika mizani ileile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwali wa eksirei ukipita ndani yake, elektroni za atomu huutawanya. Kwa kuwa ruwaza inajirudia mara nyingi mno, mawimbi yaliyotawanyika hutiana nguvu katika pande fulani na kufutana katika pande nyingine, na kwenye filamu hutokea madoa. Kutokana na mahali madoa yalipo, mtafiti hupata vipimo vya ruwaza. Kutokana na ukali wa kila doa, hupata habari za namna elektroni zilivyosambaa ndani ya molekuli. Habari moja muhimu hupotea njiani: kila wimbi lilifika kwenye filamu likiwa katika awamu gani, limepanda au limeshuka. Bila awamu hizo ramani ya molekuli haichoriki. Kwa hiyo mtafiti wa taaluma hii hushika mkononi rekodi iliyo sahihi kabisa na pungufu kabisa kwa wakati mmoja. Anachoamua kufanya na upungufu huo ndicho kinachoupa uandishi wake sura.

Malezi ya Hodgkin yalimwandaa kwa uamuzi huo. Alizaliwa Cairo tarehe 12 Mei 1910. Baba yake, John Crowfoot, alifanya kazi ya elimu Misri na Sudan kabla ya kuzama katika akiolojia. Mama yake, Grace, alikuwa mjuzi wa kusokota na kufuma nguo kwa njia za kale. Akiwa na umri wa miaka 13 aliwatembelea wazazi wake Khartoum, na huko mkemia wa udongo, A. F. Joseph, akampa kisanduku cha kemikali na madini ya kujifunzia uchambuzi. Mwaka 1928, kabla ya kuanza masomo Oxford, alikaa na wazazi wake kwenye machimbo ya Jerash, katika nchi inayoitwa leo Yordani, akichora kwa vipimo nakshi za vijiwe zilizopambia sakafu za makanisa ya Kibizanti. Kazi ya kuchora mambo ya kale ina sharti gumu. Panapokosekana vijiwe, mchoraji huacha pengo hata kama ruwaza inamwambia wazi kilichokuwepo. Akilijaza pengo, atakayeutumia mchoro huo baadaye hatajua kipi kilionekana na kipi kilikisiwa. Sharti hilo nitalikuta tena katika kila kazi ya Hodgkin ninayoisoma hapa.

Kazi ya kwanza ni ya mwaka 1934. Hodgkin, ambaye bado aliitwa Dorothy Crowfoot, alikuwa Cambridge katika maabara ya J. D. Bernal. Fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, zililetwa kutoka Uppsala zikiwa bado ndani ya kimiminika zilimoota. Bernal aligundua kwamba fuwele za protini zikikauka huharibika na picha zake huwa hafifu, lakini zikifungiwa na unyevu wake ndani ya kijibomba chembamba cha kioo hutoa madoa mengi yaliyo wazi. Makala waliyoitia sahihi pamoja katika jarida la Nature ilikuwa fupi, na maana yake kubwa: protini zina umbo maalumu, na umbo hilo linaweza kutafutwa. Mwaka uliofuata, akiwa amerudi Oxford, alipiga picha za fuwele za insulini na kuchapisha matokeo peke yake. Baadaye alisimulia jinsi alivyotembea mitaani usiku ule baada ya kuyaona madoa kwenye filamu, akiwa amejaa furaha. Furaha hiyo haimo katika makala. Kilichomo ni vipimo vya ruwaza, uzito wa kilichomo ndani yake, na ulinganifu wa molekuli. Kuhusu umbo lenyewe, makala haisemi, kwa sababu picha zile hazikusema.

Uamuzi huo unaweza kuonekana wa kawaida hadi tuuweke karibu na uandishi mwingine wa wakati uleule. Mwaka 1936 mwanahisabati Dorothy Wrinch alitoa nadharia ya saikloli, iliyodai kwamba protini zimesukwa kama vizimba vya kijiometri vyenye pembe na nyuso zinazolingana. Nadharia ile ilikuwa nzuri kwa jicho. Ilianza na umbo kamili, kisha ikatafuta ushahidi wa kulitetea. Hodgkin alipochapisha mwaka 1938 uchambuzi mpana zaidi wa insulini iliyokauka, Wrinch alizichukua takwimu zake na kudai kwamba zinathibitisha vizimba. Bernal na Lawrence Bragg walipinga hadharani kwamba takwimu zile haziwezi kubeba dai zito kiasi hicho. Wakati ulionyesha kwamba protini hazijajengwa hivyo, ingawa aina ya kiungo aliyoifikiria Wrinch ilikuja kupatikana katika molekuli nyingine ndogo. Ninachotaka tukione ni tofauti ya kifani kati ya wanawake hawa wawili, wote wenye akili kubwa. Kwa Wrinch, umbo linatangulia na data zinafuata. Kwa Hodgkin, data zinachapishwa zikiwa na upungufu wake wote, na umbo linaachwa wazi. Ni kwa sababu aliziacha hivyo ndipo wengine waliweza kuzitumia kupima nadharia ambayo yeye hakuitunga.

Fani hii inafikia ukomavu wake katika penisilini. Kazi ilianza mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, dawa ikihitajika na muundo wake ukiwa haujulikani. Makundi mawili ya wakemia yalibishana. Wengine, wakiongozwa na Robert Robinson, mmoja wa wakemia wenye sauti kubwa Uingereza, walishikilia fomula yenye pete mbili za atomu tano tano. Wengine walidhani kuna pete ya atomu nne, kaboni tatu na naitrojeni moja, inayoitwa beta-laktamu. Pete ya namna hiyo hukaa kwa kujikunja sana, na wengi hawakuamini kwamba inaweza kudumu. Hodgkin alifanya kazi na mwanafunzi wake Barbara Low, wakishirikiana na Charles Bunn na wenzake wa kampuni ya ICI. Walitumia chumvi tatu za penisilini, ya sodiamu, ya potasiamu na ya rubidiamu, wakapiga mahesabu kwa mkono na kwa mashine za kadi zilizotobolewa. Mwaka 1945 jibu lilikuwa wazi: pete ya atomu nne ipo. Leo tunajua kwamba mvutano wa pete hiyo ndio unaoipa dawa nguvu, kwani hufunguka na kukishika kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujengea ukuta wake.

Kazi ya kusomwa hapa ni ramani yenyewe, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Sayansi mjini Oxford. Kila aliyesoma jiografia ya sekondari anazijua kontua, mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja na kuonyesha mlima kwenye karatasi bapa. Katika ramani ya penisilini kontua zinaunganisha mahali penye msongamano sawa wa elektroni. Zimechorwa kwenye mabamba ya plastiki angavu, kila bamba likiwa tabaka moja la molekuli, na mabamba yamepangwa moja juu ya jingine hivi kwamba mtazamaji anapenya kwa macho kutoka juu hadi chini. Pale mistari inapokusanyika na kujizungusha, pana atomu. Atomu yenye elektroni nyingi, kama salfa, ina kontua nyingi zaidi, na atomu za kaboni zina kontua chache.

Tazama kile ambacho ramani hii haifanyi. Haina mipira ya rangi wala vijiti vya kuunganishia, vitu ambavyo humwambia mtazamaji kwa uhakika uleule kwamba hii ni kaboni na hii ni oksijeni. Katika kielelezo cha mipira, kila atomu ina hadhi sawa: ile iliyoonekana vizuri na ile iliyokisiwa zinapakwa rangi ileile. Kontua zina uwezo mwingine. Zikiwa nyingi na zimebanana, mchoraji anasema ameona vizuri. Zikiwa chache na zimelegea, anasema ameona kwa shida. Kiwango cha uhakika kimeingizwa ndani ya mstari wenyewe, na mtazamaji hahitaji maelezo ya pembeni ili akijue. Aliyedai kwamba pete ya atomu nne haiwezekani aliweza kuinama juu ya mabamba yale, akahesabu vilele, akapima umbali kati yake. Sijui namna nyingine ya kuwasilisha hoja ya kemia ambayo ingemheshimu mpinzani kiasi hicho. Mkubwa wa taaluma, mwenye fomula yake, hakuambiwa amekosea. Aliwekewa mbele yake kitu cha kuangalia.

Vitamini B12 ilikuwa mtihani wa kanuni hii katika molekuli kubwa zaidi. Ilitengwa mwaka 1948, nchini Marekani na Uingereza kwa wakati mmoja, na ikathibitika kuwa tiba ya aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua. Lester Smith wa kampuni ya Glaxo alimpelekea Hodgkin fuwele zake nyekundu mwaka uleule. Fomula yake iliyothibitishwa mwishoni ina atomu 181, na hata ukiziondoa 88 za hidrojeni, zinabaki 93 za kutafutiwa mahali. Wakemia walikuwa na vipande vya habari tu. Kwa penisilini kulikuwa na fomula mbili za kuchagua. Kwa B12 hakukuwa na fomula kamili hata moja ya kuanzia. Katikati ya molekuli kulikuwa na atomu moja ya kobalti, nzito kuliko nyingine, na Hodgkin aliamua kuitumia kama mwanzo. Alipata ramani ya kwanza kwa awamu zilizotokana na kobalti peke yake. Ramani hiyo ilikuwa na vilele vya kweli na vya uongo vimechanganyika. Alichagua vile alivyoviamini, akaviingiza katika hesabu, akapata ramani safi kidogo, akachagua tena. Kenneth Trueblood, wa Los Angeles, alizifanya hesabu hizo kwenye kompyuta ya chuo kikuu chake, na matokeo yakavuka bahari kwa barua na kwa simu za maandishi. Kundi la Alexander Todd la Cambridge lilitoa kipande cha molekuli kilichokuwa na fuwele zake, nacho kikasaidia kuthibitisha kiini.

Wahakiki wa fasihi wana istilahi kwa mbinu ya namna hii: takriri. Jambo lilelile linarudiwa, na kila linaporudi limebeba kitu kipya. Katika kazi ya B12 takriri ndiyo muundo wa uchunguzi na ndiyo muundo wa masimulizi pia. Hodgkin anapoieleza, haanzi na molekuli iliyokamilika kisha akarudi nyuma kuitetea. Anamwonyesha msomaji hatua za ramani, moja baada ya nyingine, zikiwemo zile ambazo bado zilikuwa na ukungu. Na mbinu hiyo ina taharuki ya kweli, kwa sababu katika mwendo huo jambo lisilotarajiwa lilijitokeza. Kiini cha B12 kilifikiriwa kufanana na kile cha himu, kinachobeba oksijeni katika damu, ambacho pete zake nne zimeunganishwa kwa madaraja manne. Ramani ilionyesha madaraja matatu tu. Pete mbili ziligusana moja kwa moja. Mchunguzi aliyeanza na umbo akilini angeweza kulitafuta daraja la nne hadi akaliona. Hodgkin na wenzake waliacha pengo pale ambapo ramani iliacha pengo, na pengo hilo likawa ugunduzi: aina mpya ya kiini iliyopewa jina la korini. Muundo kamili ulichapishwa katika Nature mwaka 1956. Majina ya waandishi sita yalipangwa kwa alfabeti, kuanzia Hodgkin hadi White.

Orodha za majina husomwa mara chache kama sehemu ya tungo, nami nadhani zinastahili. Katika sayansi, nafasi ya jina ni kauli kuhusu nani alifanya nini na nani ana mamlaka. Mwaka 1956 alfabeti ilimweka Hodgkin mwanzoni. Mwaka 1969, ilipotoka makala ya insulini, kanuni ya alfabeti ilimpeleka mbali. Orodha ile ina watu kumi katika mafungu mawili, kila fungu kwa alfabeti yake. Fungu la kwanza lina Adams, Blundell, Dodson wawili na Vijayan, vijana waliobeba hatua ya mwisho ya kazi. Fungu la pili linaanza na Baker, na ndani yake, katika nafasi ya nane ya orodha nzima, yupo Hodgkin, mtu aliyeianza kazi hiyo miaka 34 kabla, akiwa peke yake katika mstari wa mwandishi. Matokeo yalipotangazwa mwezi Agosti 1969 katika mkutano wa kimataifa wa wanafuwele huko Stony Brook, jimbo la New York, mzungumzaji alikuwa kijana Tom Blundell. Kanuni ya tamko na ushahidi inahusu watu pia: sifa iende mahali kazi ilikofanyika, na msomaji aweze kuliona hilo kwenye ukurasa.

Miaka hiyo 34 nayo ni sehemu ya fani. Mwaka 1939 alichapisha, pamoja na mwenzake Riley, vipimo vya insulini yenye unyevu, vizuri kuliko vya kwanza. Baada ya hapo hakuwa na njia ya kupata awamu za molekuli kubwa kiasi hicho. Frederick Sanger alimaliza mwaka 1955 kuonyesha mfuatano wa asidi amino 51 za insulini, 21 katika mnyororo mmoja na 30 katika mwingine, lakini mfuatano si umbo. Mwaka 1953 Max Perutz alikuwa ameonyesha kwa himoglobini kwamba ukiingiza atomu nzito ndani ya fuwele ya protini bila kuivuruga, mabadiliko ya madoa yanaweza kukupa awamu. John Kendrew akaifumbua mayoglobini, na wawili hao wakapata Nobel mwaka 1962. Hodgkin aliona protini za wenzake zikifumbuliwa kabla ya yake. Kundi lake liliendelea kuibadilisha zinki ya insulini kwa metali nzito kama risasi, likipiga na kupima madoa upya. Katika miaka hiyo yote hakutoa umbo la kubuni ili kushikilia nafasi. Ndiyo maana hotuba ya Stockholm ilimalizikia pale ilipomalizikia. Insulini ilikuwa sehemu ya kazi yake kama B12 ilivyokuwa, na hesabu ya kweli ya kazi lazima itaje kilichobaki.

Makala ya 1969 yenyewe inatamka kwa kipimo. Picha ilikuwa na ukali wa angstromu 2.8. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita, na kaboni mbili zilizoungana huwa zimeachana kwa angstromu 1.54. Kwa ukali wa 2.8, basi, mtu anaweza kuufuata mnyororo wa protini na kuvitambua vikundi vikubwa vya atomu vinavyochomoza pembeni, lakini hawezi kutenganisha atomu moja na jirani yake. Makala inakwenda hadi hapo. Inaonyesha molekuli sita zikiwa zimekusanyika kuzunguka atomu mbili za zinki, kwa ulinganifu wa tatu tatu. Maelezo ya atomu moja moja yalisubiri picha kali zaidi, na mwaka 1988 kundi lilichapisha uchambuzi mpana wa insulini kwa ukali wa angstromu 1.5. Kwa wagonjwa wa kisukari na wanaowatibu, habari ile ya mkusanyiko wa molekuli sita ikawa na faida ya moja kwa moja. Homoni hufanya kazi ikiwa molekuli moja moja, kwa hiyo insulini ya sindano hulazimika kuachana kwanza kabla ya kutenda. Watengenezaji wa insulini za kasi za miaka ya 1990 walibadilisha asidi amino chache mahali ambapo molekuli hushikana, nao walijua pa kugusa kwa sababu ramani ilikuwepo.

Kuna tukio moja linaloonyesha jinsi kanuni hii ilivyovuka mipaka ya maabara yake. Wanasayansi wa China, wakifanya kazi kwa kutengwa na ulimwengu wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, walikuwa wamefumbua insulini kwa njia yao. Hodgkin alikwenda Beijing mwaka 1972, akalinganisha ramani yao na ya Oxford, kisha akaieleza kazi yao katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Kyoto mwaka huohuo. Ramani mbili zilizochorwa bila mawasiliano zililingana. Angekuwa ameandika kwa fani ya matamko, ulinganisho ule ungekuwa mashindano ya nani alitangulia. Kwa kuwa pande zote mbili ziliweka kontua mezani, ulikuwa uthibitisho.

Uhakiki ungekuwa na kasoro kama nisingetaja kile ambacho fani hii inakificha. Uandishi unaojizuia namna hii huwanyima wasomaji wa kawaida mlango. Hotuba ya Stockholm, mara inapopita kurasa zake za mwanzo, inakuwa safu ya michoro na majina ya molekuli ambayo asiye mkemia hawezi kuifuata bila mwongozo. Tena uandishi huo unaifuta kazi ya mwili. Hodgkin alikuwa na umri wa miaka 24 alipoambiwa ana baridi yabisi. Alikuwa London kumwona daktari siku ileile Bernal alipopiga picha za kwanza za pepsini. Vidole vyake vilipinda na kuvimba, navyo ndivyo vilivyoshika fuwele ndogo kuliko punje ya mchanga. Katika makala zake hakuna mkono hata mmoja. Mchoraji Maggi Hambling aliliona pengo hilo. Katika picha aliyoichora mwaka 1985, iliyopo katika Jumba la Taifa la Picha za Watu jijini London, mwanasayansi ameinama juu ya meza iliyojaa karatasi, kielelezo cha insulini kando yake, naye ana mikono minne, yote ikiwa kazini. Picha ile inatamka kile ambacho makala, kwa kanuni yake, haikuweza kukitamka.

Ukimya huo ulikuwa na gharama nyingine: uliwaachia wengine nafasi ya kusimulia. Taarifa za tuzo zilipofika mwaka 1964, Hodgkin alikuwa Ghana, ambako mumewe, mwanahistoria Thomas Hodgkin, aliongoza Taasisi ya Taaluma za Afrika ya Chuo Kikuu cha Ghana. Gazeti moja la Uingereza likatangaza habari hiyo kwa kumtaja kama mama wa nyumbani. Mtu aliyejizoesha kutosema kumhusu yeye mwenyewe zaidi ya data alijikuta akielezwa na watu wasiohitaji data yoyote. Sidhani kwamba hilo linaivunja thamani ya fani yake. Linaonyesha kwamba fani inayomheshimu msomaji makini inahitaji wasimulizi wengine wa kuipeleka kwa umma, nao wawe waaminifu kwa kanuni ileile.

Hapo ndipo sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunapoguswa. Habari za sayansi zinazotufikia, za dawa, chanjo na magonjwa, mara nyingi huja zikiwa tamko tupu: wanasayansi wamegundua, wataalamu wamethibitisha. Msomaji haambiwi kilionekana nini, kwa ukali gani, na nani aliyekiona, wala haambiwi kipi bado. Akija mtu mwenye tamko lingine lenye sauti kubwa zaidi, msomaji huyo hana kitu mkononi cha kupimia. Kazi za Hodgkin zinathibitisha kwamba upungufu wa ushahidi unaweza kuandikwa waziwazi bila kuishusha hadhi ya anayeandika, na kwamba penisilini, B12 na insulini zilifumbuliwa na watu waliokubali kuandika hivyo. Kiswahili kina istilahi za kutosha na wasomaji wenye hamu. Kilichobaki ni waandishi na wahariri wetu kukubali kwamba sentensi inayosema tumeona hadi hapa ni habari kamili, na kuipa nafasi yake ndani ya makala, karibu na kichwa cha habari, ili msomaji akianza kuamini ajue pia anaamini kwa kiasi gani.